Mtambaazi wa Ncha ya Kusini

Mionji, Jumamosi, 10 Mei 2025

Dada yangu Biubwa,

Shikamoo. Barua hii naomba ikukute umekaa, maana ukiwa umesimama utaisoma nusu kisha utaitumia kushikia sufuria ya moto. Usishangae kuona mwandiko wangu baada ya miaka yote hii. Huku kisiwani hakuna rede, mtandao haufiki, simu nimeigeuza tochi. Posta wetu ni Zacarias, anayetuletea madumu ya maji kila Jumamosi. Mpe yeye jibu, hufunga mashua Palma asubuhi kabla ya kuja huku.

Mimi mzima. Huu ni mwezi wangu wa nne nalinda kasa, na nakuapia sijawahi kufanya kazi inayonifaa kama hii. Alfajiri nazunguka kisiwa, nasoma nyayo zao mchangani, penye mayai nachomeka kijiti chenye namba. Kisiwa chenyewe unakimaliza kwa saa moja na nusu ukitembea bila haraka. Watu hawaishi hapa, ni sisi walinzi wawili tu na wavuvi wanaokuja kupiga dago, kambi yao ya muda, siku chache wakaondoka.

Sasa sikiliza. Juzi nimemkuta jike mmoja amekufa juu ya ufuko, mkubwa kuliko meza yako. Alipanda kutaga, akanasa kwenye mtambaazi, kila akijivuta anajifunga zaidi, jua likamkuta palepale. Nilikaa naye muda mrefu. Utanicheka, lakini nililia.

Mtambaazi huo si wa hapa. Doutora Ermelinda, mtaalamu wa mimea anayetoka Pemba yetu ya bara, si ile ya kisiwani, alipouona alikaa chini akashika kichwa. Anasema asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, watu huupanda majumbani kwa ajili ya maua. Ua lake la zambarau linapendeza kweli. Lakini ukiukata unatoa utomvu mweupe unaowasha, na vitumba vyake vya mbegu vikipasuka, zinaruka kama pamba ya mto uliochanika. Tukiuacha miaka mitatu, anasema, kasa hawatakuwa na pa kuchimba. Wakubwa wa mradi nao wamenikazia macho: mkataba wangu unakwisha Desemba na wanataka kuona ufuko umesafishwa.

Nimekuwekea jani ndani ya karatasi. Kwetu ni wewe unayejua majani. Mbona nikilitazama naona kama la ule uliokuwa uani kwako? Niambie kama macho yangu yananidanganya.

Msalimie shemeji Sharifu akirudi kutoka Mtwara na mizigo yake.

Mdogo wako,
Abdulatifu


Palma, Jumatano, 14 Mei 2025

Latifu,

Marahaba. Nimeisoma nimekaa, tena juu ya ndoo, maana kiti kizima kilichobaki humu ndani ulikivunja wewe ulipokuja na ule mwili wako. Nimetoka Afungi jana. Humo ndani ya uzio wa kambi ya gesi tunamenya viazi vya wanaume wasiohesabika, vidole vimenisinyaa mpaka sasa. Kwa hiyo nisamehe nikiandika kwa ufupi.

Jani limefika limekauka, nusu limekuwa unga. Silijui. La uani kwangu ni jingine, lile pana zaidi. Majani yanafanana, Latifu, kama watu wanavyofanana.

Umeuona upande gani hasa? Karibu na kambi yenu? Na kule ncha ya kusini mmeshafika au bado? Nauliza tu, nijue unatembea wapi.

Pole kwa kasa wako. Lakini wewe tangu utoto kazi ukiianza unaianza kwa kelele. Kasa walikuwepo kabla ya huyo doutora na watakuwepo akishaondoka. Kata penye njia yao, pengine paache. Hakuna atakayekupa nishani kwa kung'oa kila jani.

Kula vizuri. Nimempa Zacarias kifurushi cha unga wa muhogo na pilipili.

Dada yako,
Biubwa


Mionji, Jumamosi, 24 Mei 2025

Dada,

Unga nimeupata, pilipili Zacarias amenusa njiani, akafika anapiga chafya. Ahsante.

Nina habari kubwa, na nakuandikia wewe kabla ya kumwandikia mtu mwingine, maana wewe uliponiuliza habari ya kusini ndipo akili ilipofunguka. Kusi limeanza. Nikasimama ufukweni nikajiuliza: upepo unatoka kusini, mbegu zinaruka na upepo, basi mama wa mitambaazi hii yote atakuwa wapi? Nikaanza kutembea kuelekea kusini, nikiitazama. Mwanzo ni vichipukizi vya kidole. Mbele kidogo vimenifika kiunoni. Karibu na ncha, umepanda juu ya vichaka vya chumvi umevimeza. Na mwisho kabisa nikamkuta. Shina limekuwa nene kama paja langu, limelala, limetandaza matawi hatua ishirini kila upande. Vitumba vimejaa tele. Nimekata njia kwa panga mpaka katikati, mikono imeniwasha siku mbili.

Huo haukuja wenyewe, dada. Umepandwa. Chini ya shina nimeona mawe yamepangwa, ya matumbawe, makubwa, mtu kayabeba kutoka mbali. Ni mafiga. Kuna mtu alikuwa anapiga dago pale kwa kificho na akapanda ule mti, sijui kwa kivuli au kwa kamba. Nimewauliza wavuvi wa upande wa kaskazini. Mzee mmoja akasema aliyekuwa akisimamisha mashua kule peke yake ni Hassane wa Palma. Unamjua, yule mwembamba aliyekuvusheni siku za vita.

Doutora amefurahi mpaka amenipa mkono. Tarehe 12 Julai analeta kikosi kutoka Pemba. Watakata matawi yote, wachimbe mzizi mpaka mwisho wake, maana ukibaki kidogo unachipua tena. Anasema pale patachimbwa kina cha mtu na zaidi, na mchanga wote utachekechwa kutafuta mbegu.

Mwaka huu naona mkataba utaongezwa. Niombee.

Abdulatifu


Palma, Jumatano, 28 Mei 2025
(Barua hii haikutumwa siku hiyo.)

Latifu,

Mawe uliyoyaona si mafiga. Niliyapanga mimi. Chini yake yuko Haula.

Haya, nimeandika. Sasa naweza kuendelea.

Unajua tulivyotoka Palma mwezi ule wa Machi, mwaka ishirini na moja. Sharifu alikuwa Mtwara, wewe ulikuwa Pemba. Nilimbeba Haula mgongoni mpaka ufukweni, ana homa tangu juzi yake. Mashua ya Hassane ilijaa mpaka maji yanaingia. Akatushusha Mionji watu kumi na wawili ili arudi kuchukua wengine. Maji ya kunywa hayakuwepo. Siku ya pili asubuhi nilikuwa nimemlaza kivulini, namkuna mgongo, unajua alivyopenda kukunwa mgongo. Huwa anasema hapo, hapo hapo. Nikaona muda mrefu hajasema.

Wanaume walikuwa wawili. Mmoja ana jeraha la mguu hawezi kusimama, mwingine amekwenda kutafuta maji upande wa pili wa kisiwa. Jua lilikuwa kali, sikumngoja. Nilimzika mimi na mama mmoja wa Mueda, Judite, Mkristo, ambaye sikuwahi kumwona kabla ya siku ile. Tulichimba kwa mfuniko wa sufuria. Maji ya kumwosha sikuwa nayo, nikampaka mchanga usoni na mikononi kama anayetayamamu. Sanda ilikuwa kapulana niliyojifunga. Kibla nilikisia. Shimo halikufika hata kiunoni, Latifu. Ndiyo maana nikabeba mawe.

Nilipovuka ng'ambo, upande wa Mtwara, Sharifu alikuja kunipokea, na neno lake la kwanza lilikuwa, amesaliwa? Mdomo ukasema amesaliwa. Akauliza wapi. Njiani tulikuwa tumepita makaburi ya kijiji kimoja, kuna kikaburi kipya, kifupi. Nikampeleka pale nikamwonyesha. Mpaka leo kila akienda Mtwara hushuka njiani akalifagia na kulisomea. Ni mtoto wa watu, simjui. Mara ngapi nimefungua mdomo nimwambie, nikaona atauliza tena, amesaliwa?

Niliporudi Palma nyumba ilikuwa majivu. Nikaanza kwenda Mionji. Hassane ananichukua, hasemi na mtu. Mama alitufundisha kaburi lipandwe kitu kibichi, maana kikiwa hai kinamsabihi Mola na aliye chini anapata nafuu. Mtoto hana dhambi, najua. Aliyetaka nafuu ni mimi. Nikapanda mrehani, ukafa. Asumini, ikafa. Nikabeba dumu zima la maji ya kisima, nikamwagilia, bado ikafa. Mwisho nikakata kijiti cha ule wa uani. Moto ulikula nyumba nzima ukauacha ule, nikasema huu ndio usiokufa. Ukashika. Nilipokwenda tena nikaukuta umefunika mawe yote na una maua. Nililia kwa furaha. Nilidhani nimesamehewa.

Na sasa wewe unawalilia kasa, una haki, mama zao wanataka mchanga wa kuchimba. Lakini kikosi cha watu kutoka Pemba kitakuja na masepetu, watachimba kina cha mtu, watachekecha mchanga. Watamkuta mwanangu kwenye chekecheke.

Siwezi kukutumia hii. Wewe ukijua, Sharifu atajua.


Palma, Jumatano, 28 Mei 2025

Mdogo wangu Abdulatifu,

Hongera kwa kuona mbali. Nakuandikia haraka, gari la Afungi linatungoja.

Nimesikia kwa wazee kwamba ile ncha ya kusini ina makaburi ya kale. Sijui ya nani. Haipendezi watu wakachimbe mahali pa namna hiyo. Mwambie doutora wako akate matawi tu, mzizi auache. Au wamwagie dawa juujuu, sijui mnafanyaje, ila ardhi wasiiguse.

Na jina la Hassane usiliandike popote. Ni mtu mwema. Alituvusha wakati wenye mashua kubwa walikuwa wamekimbia peke yao. Nakuomba, na mimi si mtu wa kukuomba mara kwa mara.

Dada yako,
Biubwa


Mionji, Jumamosi, 7 Juni 2025

Dada Biubwa,

Idi mubaraka. Wavuvi walituletea pweza, hiyo ndiyo Idi tuliyokula.

Nimemuuliza doutora habari ya makaburi. Amefungua ramani zake zote na karatasi za wazee waliohojiwa mradi ulipoanza. Hakuna kaburi Mionji, la kale wala la juzi. Nimewauliza na wavuvi, wamerudi kwenye nyavu zao. Kwa hiyo sijui wewe umesikia kwa wazee wepi.

Barua yako imechelewa. Jina la Hassane lilikwishaingia kwenye relatório, taarifa ya mradi, nayo imekwenda. Sikujua kuwa nakala moja huenda kwa wanajeshi wa doria. Siku hizi mtu anayesimama kisiwani kwa siri hawamwulizi kuhusu mimea, wanamwuliza alikuwa akimpelekea nani chakula msituni kwa waasi. Wameizuia mashua yake Mocímboa da Praia na yeye mwenyewe yuko huko, kila siku anaulizwa alikuwa akifanya nini Mionji. Hajibu. Angesema kwamba aliupanda ule mti kwa kivuli, nadhani wangemwachia. Anasema tu hana la kusema.

Roho yangu haijatulia tangu nilipopata habari hizo, na hapa ndipo nataka unisikilize bila kunikatiza. Zacarias aliniambia jambo akiteremsha madumu. Anasema Palma kuna watu wamekuona ukipanda mashua ya Hassane, zaidi ya mara moja, na kila mara shemeji Sharifu yuko Mtwara. Nilimfokea. Nilimwambia dada yangu ni mtu mzima mwenye heshima zake. Lakini alipoondoka nilikaa nikakumbuka barua zako. Uliuliza habari ya kusini kabla mimi sijaitaja. Jani la uani kwako ulisema hulijui, na mimi nimelala chini ya mtambaazi ule tangu nilipokuwa mtoto. Kisha unaniomba nisimtaje Hassane.

Mimi ni mdogo wako, sina haki ya kukuuliza mambo ya ndani. Ila mtu amefungwa mdomo kule Mocímboa na naona ni kwa ajili yako. Kama mlikuwa mkikutana pale, niambie mimi kabla sijalazimika kumwuliza mtu mwingine. Naona aibu kuandika hivi. Nimechana karatasi mbili.

Abdulatifu


Palma, Jumatano, 11 Juni 2025

Abdulatifu,

Barua yako niliisoma jikoni mbele ya wenzangu, nikaviacha viazi nikatoka nje. Ulinifikiria hivyo. Nimekulea mgongoni, nimekutafunia chakula ukiwa huna meno, na Zacarias akateremsha dumu la maji na neno moja ukavipokea vyote viwili.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ya tarehe 28 Mei. Niliiandika siku ile, nikakutumia nyingine badala yake. Isome sasa, kisha urudi hapa.

Umesoma. Basi ndivyo tulivyokuwa tukikutana, mimi na Hassane. Yeye hukaa kwenye mashua amegeuza uso, mimi nashuka na dumu langu. Nilimwapisha mara ya kwanza asimwambie mtu, hata mume wangu, na huyo mtu ameshikilia kiapo mpaka mbele ya bunduki. Sikumtegemea afike mbali hivyo. Ningejua ningekuandikia siku ya kwanza uliponitumia jani. Hilo ni kosa langu na sitalitupa kwa mwingine.

Leo hii, ukimaliza kusoma, chukua redio ya mradi useme aliyepanda ni mimi. Taja jina langu lote, Biubwa binti Ali wa Palma. Wakitaka kuniuliza niko jikoni Afungi kila siku isipokuwa Jumatatu. Mtoe Hassane.

Kuhusu mzizi, sitakudanganya. Usiku na mchana naona sepetu. Nilitaka kitu kisichokufa juu ya mwanangu nikaleta kinachoua watoto wa wengine, hata kama ni wa kasa. Na bado nikifikiri mtu anauchimba, nataka kuja kumshika mkono. Wewe uko karibu naye kuliko mimi. Nenda kamwangalie, uniambie yukoje.

Biubwa


Mionji, Jumamosi, 21 Juni 2025

Dada yangu,

Sijui nianzie wapi kukuomba radhi. Nikija nitapiga magoti, hapa kwenye karatasi magoti hayaonekani.

Hassane ametoka. Nilisema kwenye redio mbele ya doutora na mwenzangu, jina lako na la Haula, mara tatu maana walikuwa hawasikii vizuri. Jumatano iliyopita alipita hapa na mashua yake. Nilikwenda majini mpaka kifuani kumpokea. Nikamwomba radhi, akaniuliza kama nina sigara. Amekonda.

Nimekwenda kwa Haula. Nimekata matawi yote yaliyolala juu yake, kwa kisu, si kwa panga, na nimeyachoma mbali. Mawe yako yapo kumi na saba. Hakuna lililoanguka. Upande wa kichwani kuna jiwe bapa, juu yake kuna kikombe cha plastiki cha rangi ya chungwa, nadhani ni chako. Nilisoma Yasini nikakwama katikati kama mwanafunzi, nikaanza upya. Na kibla ulikisia vizuri, dada. Nimepima kwa dira ya mradi. Umekosea kwa upana wa viganja viwili tu.

Sasa jambo gumu. Nilimweleza doutora yote. Nilidhani atanionyesha karatasi zake, lakini aliniambia mama yake alizikwa Montepuez wakati wa vita na hajui ni wapi. Kisha akasema ukweli wake: mzizi hauwezi kubaki. Ukiachwa na kipande cha kidole unachipua, na mwaka mmoja una vitumba. Ufuko wa kusini ndio wenye mayai mengi zaidi, nimehesabu viota arubaini na kimoja. Dawa peke yake haitoshi kwa shina nene vile. Kikosi hakitagusa pale, ametoa neno lake, ila lazima familia ing'oe yenyewe kabla ya tarehe 12. Baada ya hapo wakubwa watamwamuru na hataweza kukataa.

Nimechimba kidogo pembeni kwa mkono ili nijue. Mzizi unashuka wima kati ya mawe mawili ya katikati. Hauendi pembeni. Siwezi kuutoa bila kumfikia Haula, na sitaugusa tena mpaka mseme. Nasema mseme, dada, kwa sababu anaye baba. Nimelifikiri hili juma zima na sijaona njia ya kumpita shemeji Sharifu.

Nisamehe.

Abdulatifu


Palma, Jumatano, 2 Julai 2025

Kwa shemeji yangu Abdulatifu,

Assalaamu alaykum. Mimi si mwandishi, barua zangu ni za mizigo, kwa hiyo nitasema mambo kwa mpangilio wa yalivyotokea.

Tarehe 22 mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, Biubwa aliniwekea barua zenu zote mbele yangu, zako na zile alizozinakili, akaketi ukutani akaniambia nisome. Nilisoma mpaka magharibi ikanipita. Niliinuka nikafunga begi nikavuka kwenda Mtwara, bila kuaga. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, hata kwa waliochoma nyumba yangu. Miaka minne nimesimama mbele ya mtoto wa watu nikimwita mwanangu. Niliona nimefanywa mjinga na mke wangu.

Njiani nilishuka pale makaburini. Nilitaka kulitazama lile kaburi kwa hasira. Nikaona majani yameangukia tena, na ufagio wangu upo palepale nilipouficha nyuma ya mti. Nikalifagia. Sijui wazazi wake wako wapi, labda nao walihama. Nimemwomba mwenye duka jirani aulize kijijini ni la nani, wasipopatikana nitaendelea kulipitia, nimelizoea.

Mtwara nilimwendea sheikh mmoja, nikamweleza bila kutaja majina. Alisema aliyezika kwa alichokuwa nacho amezika, na mchanga ulitosha palipokosa maji. Kuhusu mzizi, alisema ikiwa hautoki bila kumgusa, aguswe kwa adabu, asaliwe, asitiriwe upya. Nilirudi jana. Nilimkuta Biubwa amekaa mahali palepale ukutani, kana kwamba hakuinuka siku zote hizo. Nilikaa karibu naye. Nilimwuliza kitu kimoja tu, alimkuna mwanetu mgongo mpaka lini. Akaniambia. Kisha tulilia, sote wawili, kwa mara ya kwanza pamoja.

Barua hii atakuletea Zacarias Jumamosi. Sisi tutakuja Jumanne, tarehe 8, na Hassane, ambaye amekataa kabisa tuje na mashua nyingine. Nimenunua sanda, kipimo cha mtoto wa miaka sita. Muuza vitambaa alinipa pole akafikiri ni msiba wa jana, nami sikumsahihisha. Tutakuja na maji ya kisima madumu manne.

Mwambie doutora mzizi utatoka wote, mpaka nywele yake ya mwisho. Nitamkabidhi mkononi auchome apendavyo. Kasa wana haki ya mchanga ule na mimi sitaki mwanangu awe sababu ya kuwazuia.

Lakini usianze kabla sijafika, wala usilete sepetu. Sikumwosha, sikumbeba, sikumsalia, sikushuka kaburini kumpokea kama baba anavyopaswa. Kazi hiyo niliachiwa na sikujua. Nitachimba mimi kwa mikono, na wewe utasimama juu upokee mchanga. Biubwa atakaa upande wa kichwani. Najua kwetu wanawake hawasimami kaburini, lakini aliyesimama pale mara ya kwanza ni yeye, na akitokea mtu wa kusema, aniseme mimi.

Nikimfikia, mtaniacha naye kidogo kabla hamjanipa sanda. Sijamwona tangu nilipoondoka kwenda Mtwara kabla ya mwezi ule wa Machi.

Shemeji yako,
Sharifu